Si Olaf Aliyeniliza

Wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeiandika katika insha tangu darasa la nne, lakini maana yake ilinipiga kifuani Ijumaa ya mwisho wa muhula, mlezi wa klabu yetu alipotuonyesha filamu ukumbini. Jina lake refu kama treni: Lemony Snicket's A Series of Unfortunate Events, yaani msururu wa mikosi. Ilitoka mwaka wa 2004 na iliongozwa na Brad Silberling. Imetokana na vitabu vitatu vya kwanza vya Lemony Snicket, ambayo ni lakabu ya Mmarekani Daniel Handler.

Ni kisa cha yatima watatu wa jina la Baudelaire. Violet, kifungua mimba, ni hodari wa kubuni vyombo. Akifunga nywele kwa utepe, jua akili imeanza kuchemka. Klaus amesoma vitabu chungu nzima. Sunny ni mtoto mchanga ambaye silaha yake ni meno. Nyumba yao inateketea, wazazi wanaangamia, na Bwana Poe wa benki anawapeleka kwa Count Olaf, jamaa wasiyemjua. Olaf hataki watoto. Anataka urithi.

Jim Carrey ndiye Olaf, na mliokuwepo mnajua tulivyocheka. Hata mimi nilicheka, wacha niseme ukweli. Kisha Olaf akawafungia ndani ya gari juu ya reli, treni ikija mbio. Wakajiokoa kwa akili zao wenyewe. Bwana Poe alipofika alikasirika sana, lakini kwa nini? Ati Olaf amemwacha Sunny, kitoto cha kubebwa, aendeshe gari! Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Changu kilikauka.

Sababu ni hii. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Baada ya matanga, jamaa mmoja wa upande wake alichukua hatimiliki ya shamba, ati aiweke salama. Kikao kilipoitishwa, dadangu mkubwa alisimama akasema amemwona akimwonyesha mnunuzi mipaka. Wazee wakamwambia, "Watoto hawaongei mambo ya shamba. Nenda ukasaidie chai." Hakuna aliyemtukana. Walikuwa watu wema, kama Bwana Poe. Hawakusikia tu.

Ndiyo maana nasema si Olaf aliyeniliza. Olaf akijigeuza Stephano, akijigeuza Captain Sham, watoto wanamtambua papo hapo na kusema. Bwana Poe haamini. Ukweli unatoka mwishoni, Klaus anapokichoma cheti cha ndoa ambayo Violet alilazimishwa kufunga jukwaani.

Filamu ina kasoro. Vitabu vitatu vimebanwa katika muda usiofika saa mbili, hivyo Mjomba Monty, mlezi mwema mwenye nyoka wake, anauawa kabla hatujamzoea. Carrey naye anachekesha kupita kiasi, hofu inapungua. Lakini Oscar ya kupamba nyuso, waliyoipata mwaka wa 2005, ilistahili.

Wengine walisema tulipotoka kwamba filamu hii ina giza mno kwa watoto. Sikubali. Giza hilo wengine wetu tulilijua kabla ya filamu, na ilitufaa kuona watoto wakipita ndani yake.

Shamba letu je? Halikuuzwa. Dada alipofika jikoni kumimina chai, shangazi alimwuliza, "Umesema nini kule nje? Hebu rudia." Asubuhi wakaenda pamoja kwa chifu, na majina yetu sote yakaandikwa katika barua ya warithi. Mtu mzima mmoja alisikia, ikatosha.

Walimu na wazazi mtakaosoma ukurasa huu, kalamu yangu inatua kwa ombi moja. Mtoto akiwaambia jambo, msimtume chai kwanza.