Kilomita Chache, Mpira Mzee

Nilikuwa naelekea arusini Iringa. Dar hadi Mikumi sina la kusimulia zaidi ya foleni ya malori. Kelele ilianza kwenye matuta ya hifadhini: kila tuta, upande wa mbele kushoto ukaitika "ko!" Gari ni la michezo, milango miwili, limetoka Japani na kilomita 31,000 tu. Muuzaji alizitaja kilomita hizo kama baba anayetaja shahada za bintiye kwa wachumba. Kufika Ruaha Mbuyuni usukani ulikuwa unavuta kushoto, nami nimeshamchukia kila muuza vitunguu aliyesogelea dirisha.

Fundi wa hapo, kijana tu, alichomeka mtaimbo kwenye mkono wa chini, akasukuma. Mpira wa bushi ukaachama.

"Bushi imekufa, kaka. Na bol jointi inacheza."

"Haiwezekani. Tazama kilomita."

"Gari ya mwaka gani?"

"2007."

"Basi huu mpira ni rika moja na mdogo wangu, na yeye ana ndevu."

Akaeleza bila kuniangalia. Mpira huzeeka kwa joto na hewa hata gari likiwa limelala. Ukishakauka, hupasuka siku unapopewa kazi. Tena haya magari yana springi ngumu na tairi zenye ubavu mfupi, kwa hiyo kishindo cha tuta tairi haikimezi, kinaishia kwenye bushi na jointi. Nilinyamaza. Kimoyomoyo namtukana muuzaji.

Vifaa vilikuja jioni na basi la kutoka Iringa. Akazisindilia bushi kwa vaisi, akarudisha mkono, lakini bolti zake hakuzikaza. Alilishusha gari kwanza, matairi yakakanyaga vipande vya mbao, ndipo akajipenyeza chini na spana.

"Ukizikaza gari ikiwa juu ya jeki," sauti ikatoka uvunguni, "ukiishusha mpira unabaki umejipinda muda wote. Haukai, unakatika."

Gereji ninayoitumia Dar ina sakafu ya vigae na mashine ya kahawa. Haijawahi kunieleza jambo hilo. Hasira zangu zikahamia huko, na huyu kijana nikaanza kumwita fundi kwa heshima yote.

"Za nyuma nazo ni za 2007," aliniambia nikimlipa. "Ukirudi, pita."

Kitonga tulipanda kimya. Iringa arusi ilifana, baridi ikanitesa. Wakati wa kurudi nikapita kwake: za nyuma zilikuwa zimepasuka vilevile, na bei hakupunguza hata shilingi.