Mombasa, Kisiwa Chenye Bandari Mbili

Ukiwauliza watu kumi waliokwenda Mombasa likizoni waliona nini huko, wengi watakutajia mambo matatu: ufuo wenye mchanga mweupe, ngamia wa kupandwa na watalii, na zile pembe kubwa za ndovu zilizopinda juu ya Barabara ya Moi. Si vibaya. Lakini mtu aliyerudi na hayo matatu tu amefika pwani, hajafika Mombasa.

Mombasa ni bandari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Tena si bandari moja bali mbili: moja imezeeka na kunyamaza, nyingine hailali usiku wala mchana. Barabara ya Moi, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Kilindini, ikiungana na ile ya Nkrumah, inazikaribisha zote mbili. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kukikata kisiwa kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa saa moja hivi. Basi tenga siku moja, chukua jamaa zako, uzione zote mbili kwa siku hiyo hiyo.

KILINDINI, MAJI YENYE KINA

Anzia magharibi. Jina Kilindini latokana na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Hapo zamani palikuwa na mji, na wenyewe, Wakilindini, wamo katika Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Baadaye walihamia upande wa pili wa kisiwa, lakini jina likabaki. Huku magharibi bado umesimama Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa matumbawe karne nyingi zilizopita.

Kina hicho ndicho kilichobadili maisha ya nchi. Waingereza walipoanza kujenga reli mwaka 1896, vyuma na injini viliteremshwa upande huu, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga katikati ya maji na mizigo ikaletwa pwani kwa matishari. Magati ya kwanza ya maji ya kina yalikamilika mwaka 1926, na tangu hapo meli kubwa zikaweza kufunga kamba ukutani.

Wanafunzi wasisahau mambo mawili hapa. La kwanza, mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, manowari za Uingereza zilizokuwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, zilihamia Kilindini kuwakimbia Wajapani. Pamoja nazo walikuja wataalamu wa kufumbua ujumbe wa siri wa adui, wakafanya kazi yao katika jengo la shule ya Allidina Visram, papa hapa kisiwani. La pili, Januari 1947, makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli na wengineo mjini waliweka zana chini kudai mishahara bora. Mgomo ule, ambao jina la Chege Kibachia halitengani nao, ni miongoni mwa migomo mikubwa ya mwanzo katika historia ya wafanyakazi wa Kenya.

Leo shehena ipitayo hapa si ya Kenya peke yake. Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupokea mizigo yao kupitia Kilindini. Mwaka 2024 bandari ilihudumia zaidi ya tani milioni 40, na makontena yapatayo milioni 2 kwa hesabu ya yale ya futi 20. Wewe uliyeko Nairobi au Kampala, hebu tazama nyumbani kwako: gari lililotumika Japani, nguo za mitumba, ngano ya mkate. Kuna uwezekano mkubwa kwamba vyote vilishukia hapa.

Mgeni haruhusiwi kuingia bandarini hivi hivi. Usivunjike moyo. Nenda Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe, mahali ambapo wenyeji hupaita Lighthouse. Nunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na dafu la kuteremshia, kisha keti ungojee. Meli ikija hupita mbele yako kwa karibu mno, nayo ina urefu kama mtaa mzima. Watoto hawatalisahau jambo hilo.

Ukitoka hapo panda feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu halipi kitu. Maelfu ya watu huvuka kila siku kwenda kazini na shuleni. Ukiwa juu ya maji, kumbuka kwamba katika mlango huu huu, upande wa Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama, na zaidi ya watu 270 wakapoteza maisha. Familia nyingi za kusini zina mtu wa kumkumbuka siku hiyo.

BANDARI YA KALE

Sasa chukua tuktuk uende mashariki, hadi Fort Jesus. Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hadi wakaitwaa Desemba 1698. Chini ya Waingereza ikawa gereza, na leo ni jumba la makumbusho, nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2011.

Ukitoka ngomeni shika Ndia Kuu, uingie Mji wa Kale. Tembea polepole. Tazama milango ya nakshi, roshani za mbao, na kuta nene za matumbawe na chokaa zinazozuia joto. Utaupita Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni mwaka 1570. Vaa nguo za heshima, toa salamu kabla ya kuuliza njia, na usimpige mtu picha bila idhini yake. Watu wanaishi humu, si maonyesho.

Teremka hadi Forodhani. Hapa ndipo kila mwaka, upepo wa kaskazi ulipovuma, majahazi yalipotia nanga kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakileta tende, mazulia na masanduku ya njumu. Mabaharia walikaa miezi, wakauza, wakaoa, kisha kusi ilipoanza wakarudi na boriti za mikoko. Leo utaona vyombo vichache tu.

MZIGO UKIONDOKA

Nimekuleta hapa mwisho kwa sababu. Kilindini ilipopata magati na reli, Bandari ya Kale ilianza kufifia. Hamali, waunda vyombo, wauza tende na wenye nyumba za kulaza mabaharia, wote walipungukiwa kidogo kidogo.

Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Reli mpya ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa mwaka 2017, na serikali ikaagiza mizigo ya bara ichukuliwe kwa treni ikatolewe huko juu. Wenye malori, mawakala wa forodha, mafundi wa magurudumu na akina mama wauza chakula kando ya barabara waliona riziki ikipita juu ya vichwa vyao. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba agizo lile lilikiuka katiba. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe bandarini.

Hata hivyo mjadala haujafa. Mwenye duka wa Nairobi anataka mzigo wake ufike upesi na kwa bei nafuu, na hilo si kosa. Mtu wa Mombasa naye anauliza: mji wa bandari usioshika mzigo utakula nini? Hahitaji kusoma vitabuni kujua jibu, kwani liko umbali wa saa moja kwa miguu, pale Forodhani.

Jioni ikiingia, rudi Kibokoni. Agiza viazi karai na mishkaki, au kahawa chungu kwa kashata. Ukimpata mzee barazani, mwamkie, kisha muulize bandari ilikuwaje alipokuwa kijana, nawe umpe nafasi aseme. Karibu Mvita.