Likizo kwa Hatua za Mtoto: Siku Nne Babati



Sisi wafanyakazi wa mjini tuna desturi moja isiyopendeza ambayo ni vigumu kuiepuka: twaondoka nyumbani mtoto angali amelala, na tunarudi mtoto akiwa amekwisha kulala. Hivyo ndivyo nilivyoishi na binti yetu tangu alipozaliwa. Alipotimiza mwaka mmoja na miezi minane alikuwa akimfahamu mama yake, akiwafahamu majirani, akimfahamu hata muuza maziwa. Mimi alinifahamu kama mgeni wa Jumapili. Siku moja mama yake alinikabidhi mtoto ili akakoroge uji, naye akaangua kilio cha mtu aliyekamatwa na asiyemjua. Kilio hicho ndicho kilichonifanya niombe likizo mwezi wa Septemba, na ndicho kilichotufikisha Babati.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba likizo ya siku zisizopungua tatu mtoto wake azaliwapo, na humpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Zile tatu huishia katika njia ya hospitali na duka la dawa. Hizi 28 nazo sote twajua zinakokwenda: fundi anasubiriwa kuezeka nyumba, shamba linataka kusafishwa, kuna msiba, kuna kikao cha harusi. Mtoto mdogo haitishi kikao wala haandiki barua ya madai. Kwa hiyo haki yake ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Njia ya kwenda

Huko Ulaya, Septemba na Oktoba ni miezi ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Kwetu ni mwisho wa kiangazi, nchi ikingojea mvua za vuli. Vumbi ni jingi, lakini madimbwi yamekauka na mbu wamepungua. Babati upo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana jua ni la kuvumilika na usiku sweta ni la lazima. Aidha, shangazi yangu anaishi huko, na kwa mwenye kipato cha mshahara jambo hilo si dogo.

Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 hufika mpaka Dodoma, tukalala hapo usiku mmoja. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Safari ambayo mtu mzima huimaliza kwa siku moja, mtoto huimaliza kwa mbili, na asipopewa hizo mbili atazidai kwa machozi. Asubuhi tukapanda basi. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ni sehemu ya ile njia kuu iliyokusudiwa zamani kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mpaka lami ilipokamilika na barabara kuzinduliwa mwaka 2018. Tulipita Kondoa, kisha Kolo, penye michoro ya kale ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sikuteremka. Kuipanda milima ile na mtoto mgongoni ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa nimekwisha kuapa kutofanya mambo mawili kwa siku moja.

Basi liliposimama ili abiria wachimbe dawa, kama tusemavyo wasafiri, mama yake alishuka na mtoto akabaki kwangu. Alilia mpaka dereva akageuka kunitazama. Nikamwonyesha mbuzi waliokuwa wakivuka barabara. Akanyamaza, akawahesabu kwa kidole na kwa lugha yake mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Kopo la mbaazi

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Arusha yenyewe iko umbali wa kilomita 170 hivi kwa upande wa kaskazini. Wenyeji wa eneo hili ni Wagorowa, na pamoja nao wako Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig na wengine waliofuata biashara na kazi. Sokoni utasikia lugha ambazo hazina udugu hata kidogo, kisha wote wakageukia Kiswahili ili wapatane bei. Mlima Kwaraha umesimama upande mmoja wa mji kama mzee aliyeketi kibarazani, na upande mwingine kuna ziwa.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakumwona binti yetu, ambaye alikwenda pole na bado akajikwaa kila hatua ya tatu. Siku ya kwanza tulikusudia kutembea kutoka kwa shangazi hadi sokoni, mwendo wa dakika kumi. Tulitumia saa nzima na hatukufika. Palikuwa na kuku wa kufuatwa, kizibo cha soda cha kuokotwa, na bajaji iliyoegeshwa ambayo gurudumu lake lilitaka kupigwapigwa na kuulizwa habari. Kila mtu mzima aliyepita alisimama kumwamkia mtoto, na kila alipoamkiwa alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Nilianza kukasirika. Kisha nikajiuliza: nakimbilia wapi, nami niko likizoni?

Septemba ni wakati wa mbaazi katika wilaya hii. Nyumbani kwa shangazi mavuno yalikuwa yamekwisha kupurwa, naye alikuwa akipepeta kwa ungo. Akampa mjukuu wake kopo tupu. Mtoto akaketi chini, akaokota punje moja, akaidondosha ndani, akasikiliza mlio wake, akaokota nyingine. Kazi hiyo aliifanya mpaka jua likahama kutoka ukutani. Shangazi hakumwondolea macho hata mara moja.

"Mwanangu," aliniambia, "punje ndogo hupenda pua ya mtoto. Kama unataka acheze, kaa naye. Kama huwezi kukaa naye, mnyang'anye kopo."

Nikakaa. Nimesoma makala nyingi za malezi, lakini sijapata kuona somo lililofupishwa vizuri kuliko hilo.

Ziwani

Ziwa Babati lina maji matamu, na wavuvi huvua humo perege na kambare kwa mitumbwi. Liko karibu sana na mji, na ukaribu huo una neema zake na gharama zake. Mwaka 1990 lilifurika mpaka maji yakaingia mjini. Tangu hapo watu wamezidi kuzungumza juu ya miti inayokatwa na udongo unaoteremka na maji ya mvua kutoka mashambani kuingia ziwani. Wakazi wake wengine ni viboko. Mchana utawaona kama mawe meusi juu ya maji, masikio yakipepea.

Tulifika jioni ya siku ya pili. Jua lilikuwa likishuka, na maji yamekuwa na rangi ya shaba. Mama yake alikuwa akinunua samaki, nami nikiwa nimekabidhiwa mtoto. Nikatoa simu nipige picha. Nikapiga moja, nikaona kivuli cha kichwa changu, nikapiga ya pili. Katika muda wa picha hizo mbili binti yetu aliona kijia kizuri katikati ya nyasi ndefu, kilichokanyagwa kikawa laini kama sakafu, chenye upana wa kumtosha, kikielekea majini. Kwa mtoto aliyejikwaa siku mbili mfululizo, njia ile ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake.

"Wewe baba, mshike mtoto! Hiyo ni njia ya kiboko!"

Aliyepiga kelele ni mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando ya mtumbwi wake. Sikumbuki nilivyotupa simu. Nakumbuka nyasi zikinichapa miguuni, na nakumbuka uzito wa mtoto nilipomnyakua, na moyo wake ukidunda juu ya moyo wangu. Hakuna kiboko aliyetokea. Maji yalikuwa matulivu kama yalivyokuwa.

Nilirudi kwa yule mzee nikitetemeka, nimesahau hata kumwamkia. Yeye hakunikaripia. Alinieleza kwamba kiboko hutoka majini giza linapoingia ili akale majani nchi kavu, na kwamba hupitia njia zile zile kila siku mpaka zikawa kama barabara. Mtu akisimama kati yake na maji, kiboko huona amefungiwa mlango wa nyumba yake. Mnyama huyo huweza kuzidi kilo 1,500, na kwa mbio fupi humshinda binadamu. "Usiku njia ni zake," alisema mzee, "mchana ni zetu. Saa hizi za jioni ndizo hazina mwenyewe."

Nalitaja kosa langu, msomaji, bila kulipamba, kwa sababu najua simu yako nawe iko mfukoni. Picha zile mbili ninazo hadi leo. Ni picha nzuri za ziwa. Mtoto hayumo hata katika moja.

Siku ya tembo

Siku ya tatu tulichangia gari na familia nyingine tukaenda Tarangire, kaskazini ya Babati, mwendo wa saa moja na zaidi. Hifadhi hii ya Taifa ilianzishwa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850. Miezi ya kiangazi ndiyo yake, kwa kuwa vijito vingine vinapokauka wanyama hukusanyika kwenye Mto Tarangire. Tembo huja kwa makundi, wakichimba mchanga kwa miguu na mikonga ili wapate maji, nyuma yao mibuyu mikubwa imesimama bila majani. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hatozwi kiingilio.

Tembo wa kwanza alimshangaza binti yetu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Tembo wa ishirini alimkuta amelala. Kilichomfurahisha ni tumbili, tulipotua mahali palipotengwa kwa kula, alipotuibia ndizi na kuimenya mbele yetu bila haya. Kwa hiyo usijisumbue kumpeleka mtoto wa umri huu kwa siku mbili hifadhini. Asubuhi moja inatosha, na hiyo ni zawadi yenu wazazi zaidi ya yake.

Mambo ya kuchukua

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, chandarua, sweta na kofia. Chukua kanga ya ziada, kwa maana kanga ni mbeleko, ni shuka, ni pazia la dirisha la basi, na ni kitambaa cha kufutia uji. Uji wenyewe weka katika chupa ya chai, na maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Usikose pakiti mbili tatu za chumvichumvi za kuchanganya na maji safi, endapo mtoto ataharisha. Na akizidi, mpeleke kituo cha afya usingoje kesho. Ziwani usimwache achezee maji ya kando yenye majani, kwa kuwa konokono wa maji matamu yaliyotulia huweza kubeba kichocho. Ndani ya mtumbwi asipande bila koti la kuelea linalomwenea. Hifadhini msivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokolea, maana rangi hizo huvuta mbung'o. Na safirini mchana.

Gharama kubwa kuliko zote zilikuwa nauli na ile asubuhi ya tembo. Mbaazi, kopo, kuku na mbuzi havikutugharimu kitu. Kama mfuko wako haufiki Babati, basi panda daladala na mtoto siku ya mapumziko, mshuke mahali penye kivuli, umfuate anakokwenda yeye. Jambo ni lile lile.

Siku ya nne tuliagana na shangazi alfajiri. Kituo cha mabasi kilikuwa na baridi, na wapiga debe walikuwa wengi kuliko abiria. Mama yake alitaka kupanga mizigo, akatazama kulia na kushoto kutafuta pa kumweka mtoto. Kabla hajasema neno, binti yetu alininyoshea mikono miwili.

Jumatatu nilirudi kazini, naye alikuwa amelala nilipoondoka, kama zamani. Likizo haikubadili saa za kazi. Lakini mwezi ule nilimwomba msimamizi wangu anibadilishie zamu moja kwa juma, nikakubaliwa, na siku hiyo mimi ndiye nikorogaye uji. Nawe, msomaji, unapojaza fomu yako ya likizo ijayo, kabla hujaandika fundi na shamba, tenga kwanza siku nne. Hazitoshi, lakini zinatosha kuanzia.