Kutoka Misheni Kwenda Bomani

Kumbukumbu ya Ukristo kwetu Afrika Mashariki huanzia kwenye majengo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868 walijenga misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1875 Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS wakaanzisha kijiji kama hicho, Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Siwalaumu. Mtu aliyetekwa bara akiwa mtoto hakuwa na ukoo wa kurudia. Alihitaji mahali pa kulala na chakula kabla ya katekisimu. Lakini hifadhi ile ilizoeleka hata ikawa ndiyo njia yenyewe ya kuhubiri: jenga, kisha ngoja waje. Shule ziliposhika nafasi ya vijiji vile, bado aliyeitaka Injili ndiye aliyefunga safari, akawaacha watu wake na kujifunza adabu za misheni.

Huko Loliondo, kwa Wamasai, njia hiyo ilikwama. Mei 1966 Vincent Donovan, padre Mmarekani wa shirika lile lile la Bagamoyo, alimwandikia askofu wake barua ninayoiheshimu sana kwa ukweli wake. Misheni ilikuwa na shule, hospitali na kanisa dogo, lakini haikuwa na Mmasai mtu mzima hata mmoja wa Loliondo anayeishi Ukristo. Akaomba aende boma kwa boma kuzungumza habari za Mungu tu. Baadaye, alipotaka kupambanua nani abatizwe na nani asubiri, mzee mmoja wa Kimasai, Ndangoya, alimpinga: wepesi wa kuelewa walikwisha kuwasaidia wazito, na jamii nzima ilikuwa tayari kusema inaamini. Donovan alikubali. Hapo ndipo mambo yalipogeuka hasa, kwa sababu aliyeendewa alipata kauli juu ya namna ya kuipokea imani.

Wapo wanaouliza: utamwendeaje mfugaji maskini na maneno matupu? Ila barua yake haikuomba hospitali ifungwe. Donovan alitaka tu matibabu yasiwe karo ya kusikiliza Injili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wakristo wachanga hawadumu bila wachungaji, naye aliondoka mwaka 1973. Ni kweli, na ndiyo maana alitamani viongozi wa jamii zenyewe wapewe upadre. Kanisa halikuwa tayari, na deni hilo ni lake, si la boma.

Leo suala la nani amwendee nani limefika mjini: Wamasai wengi wako Dar es Salaam, wakilinda nyumba zetu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa kanda yetu, katika umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele mwaka 1976, husali nyumba kwa nyumba, na pengine Mmasai ndiye anayefungua geti. Anasalimiwa, wanajumuiya wanapita ndani. Kama angependa kuketi nao, na mwenye nyumba aipangeje zamu ya mlinzi huyo ili apate nafasi, ni jambo ambalo jumuiya inaweza kulizungumza kabla ya sala ya wiki ijayo, tena ikimuuliza yeye kwanza.