Sehemu ya 6: Maneno marefu ya Kiholanzi, unakata wapi na unakaza wapi

Mnaojiandaa kuja kufanya kazi huku Uholanzi mmenifuata sana inboksi, na kilio ni kilekile: maneno marefu. Jamani, urefu sio shida. Shida ni mkazo.

Kiswahili kimetudekeza. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, basi. NYUmba, nyuMBAni, neno likirefuka, mkazo nao unasogea. Waholanzi wanaunganisha nomino mbili tatu bila kuacha nafasi, halafu kwa kawaida mkazo mkuu unabaki kwenye neno la kwanza: ZIEkenhuis, hospitali. BLOEDdrukmeter, mashine ya presha. Ademhaling, yaani kupumua, inakazwa A ya mwanzo kabisa.

Kwa nini nalishikia bango hili? Wodini kwetu wazee ni wengi na masikio yamechoka. Mzee wa hivyo hadaki silabi zote, anadaka ile iliyokazwa. Muulize habari za ademHAling, atakukodolea macho tu, na wewe unaona kabisa pumzi inambana. Anza na A yenye nguvu, anakujibu hata kwa kutikisa kichwa.

Sasa kukata. Chukua massagebed. Ukikata massage-bed, ni kitanda cha masaji, na mkazo uko SA, kwa sababu massage lenyewe hukazwa hapo hata likiwa peke yake. Ukikata massa-gebed, ni sala ya umati, mkazo MAS. Herufi zilezile! Waholanzi wenyewe hutaniana nalo.

Lile linalowatisha wengi ni arbeidsongeschiktheidsverzekering, herufi 33. Tafuta s za kuungia: arbeids, kazi, ongeschiktheids, kutoweza, verzekering, bima. Neno la mwisho ndilo linalokwambia kitu chenyewe ni nini, kwa hiyo ni bima, ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Mkazo? AR, mwanzoni kabisa. (Hiyo s haipo kila mahali, msiitegemee sana.)

Kichekesho ni kwamba jina la kazi yetu lenyewe halifuati mkumbo. Muuguzi ni verpleegKUNdige, sio verPLEEGkundige, maana ile -ig huvuta mkazo uje ukae jirani yake. Litamkeni vizuri, mtalisema kila siku mkijitambulisha.

Sehemu ya 7 ni herufi g. Andaeni makoo.