Vyumba 16 kwa 16

Mtu wangu wa kwanza alikuwa na kucha, na kucha hizo zilinichukua karibu usiku kucha. Nilikuwa nimeikuza picha mpaka kila pikseli ikawa kubwa kama kigae cha sakafu. Nikampa rangi 23, kope, vifungo, hata kivuli chini ya kidevu. Nilipomrudisha kwenye ukubwa atakaokuwa nao ndani ya gemu, nikaona tope. Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye shughuli hii, aliuliza kama ni embe lililooza.

Spraiti ndizo zile picha ndogo zinazotembea ndani ya gemu: mchezaji, adui, sarafu. Wanaoanza hushauriwa waanze na mraba wa pikseli 16 kwa 16, yaani vyumba 256 tu, kama pembe moja ya ukurasa wa daftari la hesabu. Mario mdogo wa Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, anaenea humohumo, tena kwa rangi tatu. Mchoraji wake, Shigeru Miyamoto, ameeleza jinsi alivyompata mtu huyo tangu Donkey Kong ya mwaka 1981: masharubu, kwa kuwa mdomo haukuchoreka, kofia, ili asihangaike na nywele, ovaroli, ili mkono uonekane ukicheza. Kumbe sura ninayoijua tangu utotoni ni orodha ya mambo yaliyoshindikana! Hata mawingu na vichaka vya gemu ile ni umbo moja lililobadilishwa rangi. Nimeyaruka miaka yote hiyo bila kung'amua. Sikuona nimedanganywa, niliona wivu.

Nikaanza kufuta. Kucha kwanza, kwa uchungu, kisha kope, kisha vifungo. Nikabakiza kanga kichwani, kikapu mkononi, nukta mbili za macho na viatu.

"Si bibi huyu?" mpwa akasema.

Sikuwa nimekusudia kumchora mama. Lakini alikuwa yeye.

Kumtembeza kukawa kazi nyingine. Nilimchorea picha nne, miguu ikipishana vizuri, lakini akateleza kama aliyekanyaga sabuni. Nilirekebisha miguu siku mbili nzima, na kosa halikuwa miguuni. Mtu anapotembea, mwili hushuka miguu inapoachana, na hupanda mguu mmoja unapompita mwenzake. Kwa spraiti ndogo kama ile, tofauti hiyo ni pikseli moja tu. Ukiiacha, mtu wako hatembei, anasukumwa.

Basi nikakaa barazani nimtazame bibi mwenyewe, akienda na kurudi kati ya bomba na jiko. Nilikitazama kichwa tu, nikihesabu: juu, chini, juu, chini. Safari ya tatu nikaona hesabu hailingani. Akikanyagia mguu wa kushoto alizama zaidi, na kuinuka kulichelewa. Tunaishi nyumba moja. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, nami nashika njia.

"Mama, goti linakuuma?"

"Tangu mfungo wa mwaka jana," akajibu, kama anayetaja bei ya chumvi.

"Mbona hukusema?"

"Ungeona, mwanangu, ungeuliza."

Jumatatu tulikwenda kupima goti. Amepewa dawa na mazoezi; dawa anameza, mazoezi anasema ni ya watoto wa shule.

Spraiti nimeirudia mara nyingi tangu hapo, na pikseli ile moja sasa inapanda inapotakiwa. Mpwa anataka bibi akimbie, tena aruke mamba. Mama mwenyewe nilipomwonyesha aliishika simu mbali na uso, akamtazama mtu wake akivuka skrini mara mbili, tatu.

"Anatoka sokoni na kikapu kitupu?"

Nafasi hakuna, nikamweleza, vyumba vimejaa. Hakuelewa, au hakutaka. Nikatia pikseli moja nyekundu juu ya kikapu, na amekubali kwamba ni nyanya.