Daftari la Majani Kutoka Milima ya Shimba

Wengi wetu tuliozaliwa Mombasa tumeyanywa maji ya Shimba kabla ya kuijua Shimba yenyewe. Chemchemi za Marere, zilizomo katika msitu ule, zimekuwa zikipeleka maji mjini tangu zama za ukoloni, na hadi leo sehemu ya maji yatokayo katika mifereji yetu huanzia huko. Hata hivyo, ukiuliza katika nyumba za Mji wa Kale ni nani aliyewahi kulala huko walau usiku mmoja, watakaojitokeza ni wachache mno. Mgeni akitua Diani hukodi gari siku ya pili akaenda kuutazama msitu. Sisi tulio umbali wa kilomita 30 na ushei huvuka feri, tukawazuru jamaa Likoni na Ukunda, tukarudi kabla ya Magharibi.

Siku tatu za likizo ya Agosti tulizikaa katika hifadhi hiyo, na habari zake ni za wifi yangu zaidi ya kuwa zangu. Wifi ni mpambaji wa hina. Aliianza kazi akiwa msichana, akiwapaka binamu zake siku za Idi, na sasa ana miaka 19 hajakosa msimu hata mmoja. Mwaka huu harusi zilizofuata Idi kubwa zilimwacha katika hali iliyotutia hofu. Ngozi ya vidole vya mkono wa kulia ilichanika ikavimba, usiku akawa halali kwa muwasho, na kubwa zaidi ni kwamba alikuwa hana hamu ya kuchora. Akikaa na bibi harusi mkono wake ulikwenda kwa mazoea tu, ua lile lile, jani lile lile. Daktari wa ngozi alipomtazama hakuhitaji muda mrefu. Alimwambia chanzo ni piko.

Kwa asiyejua, piko ni ile rangi nyeusi tunayochorea mistari ya nje ya mapambo ya bibi harusi kabla ya kujaza hina nyekundu ndani. Hina yenyewe ni jani la mti, hukaushwa, likasagwa, likachekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha likakandwa kwa ndimu na chai ya rangi. Jani hilo halina weusi. Weusi wa piko hutokana na rangi ya kutia nywele, na ndani yake mna kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama PPD, ambayo baadhi ya watu huwachoma na kuwatoa malengelenge, na mwili uliokwisha kuikataa kwa kawaida haurudi kuipokea. Bibi harusi huigusa kwa siku chache za maisha yake, lakini mpambaji huishika kila wiki.

Ushauri wa kuiacha ni mwepesi kuutoa. Ila piko ndiyo iliyompa riziki. Mteja wa siku hizi huja na simu mkononi, amefungua picha ya bibi harusi wa Dubai au wa Karachi, akasema anataka hiyo hiyo na weusi wake, kwa kuwa weusi huonekana vizuri pichani na hukauka upesi. Mpambaji akikataa, mlango wa pili yuko mwenzake atakayekubali. Wifi ana watoto wawili wanaosoma, na karo hailipwi kwa nia njema.

Aliyetoa rai ya safari ni mume wangu, ambaye ni kaka yake. Mavyaa alipinga. "Nyumba tumejenga wenyewe," alisema, "mwende mkalale nje kama waliofukuzwa?" Tulipokwisha kupakia mahema ya kuazima alitoka na godoro lake, mswala wake na birika lake la chai, akaingia garini bila ya kusema neno.

Njia ya kupanda Kwale ni fupi, lakini mabadiliko yake yanastaajabisha. Minazi hupungua, barabara huinuka, na upepo wa kusi ambao huku chini una chumvi, kule juu una baridi na harufu ya udongo. Asubuhi za Agosti ukungu hukaa juu ya vilima mpaka jua lipande. Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, nalo limechanganya msitu mnene na mbuga za nyasi, jambo ambalo si la kawaida katika pwani yetu. Ada hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, hivyo anayekwenda ajitayarishe kabla ya kufika langoni. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi. Zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za nchi tangu tarehe 5 Juni 2020. Sisi tulichukua madumu na jagi la bati. Askari wa wanyamapori alitukagua kwa adabu, akatuasa tusiweke matunda ndani ya mahema, kwani tembo hunusa chungwa kutoka mbali na hana haja ya kubisha hodi.

Siku ya kwanza wifi hakuchora kitu. Alilala. Alilala baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri, akaamka, akaswali, akanywa uji wa mchele, akaketi chini ya mti akitazama mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka matawini, na baada ya Isha akalala tena. Nilitaka kumwamsha aje aone moto tuliouwasha. Mavyaa akanizuia kwa jicho. Nyumbani mwanamke akilala mchana huulizwa kama ni mgonjwa. Pale hapakuwa na wa kumwuliza, wala simu ya mteja, kwa sababu mtandao wenyewe hushika na kukatika.

Suala la kibla tulidhani lingetutaabisha, kumbe ni jepesi kuliko mjini. Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka pwani yetu, kwa hiyo mwenye kujua jua limezama wapi hulifanya kushoto kwake, akaelekea mbele. Tuliswali jamaa juu ya mkeka, kina mama nyuma, na mara tu baada ya salamu komba wakaanza kulia juu ya miti. Sauti ya komba ni ya mtoto mchanga aliyeachwa. Wanangu walinishika kanga, na mimi, nisijisifu bure, niliwashika wao.

Siku ya pili tulikwenda Giriama Point, ukingo wa kilima ambapo mbuga hukatika na bahari ikaonekana chini kabisa kama uzi wa buluu. Hapo ndipo alipolifungua daftari. Nilidhani atachora mandhari. Aliinama badala yake, akachuma kipande cha kangaga kilichokwisha kukauka, akakiweka juu ya goti, akakifuata kwa kalamu ya risasi mshipa kwa mshipa. Kangaga ina tabia moja ambayo sikuwahi kuiona mpaka aliponionyesha: jani kubwa limegawika majani madogo, na kila dogo limegawika vivyo hivyo, na la mwisho kabisa lina umbo la lile la kwanza. "Hii ni hina tayari," alisema. "Mtu hahitaji kubuni."

Kutoka hapo hakusimama tena. Alichora mmea wa kale ambao wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii, unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu yenye miiba, na ambao ukoo wake ni wa zamani kuliko miti yote itoayo maua. Alichora okidi ndogo iliyong'ang'ania gome la mvule. Saa kumi tukawaona palahala, swala wakubwa ambao nchini Kenya wanapatikana katika hifadhi hii peke yake. Dume lilisimama pembeni mwa msitu, jeusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma mpaka karibu na mgongo. Wifi hachori viumbe wenye roho, na huo ni msimamo wake tangu alipoanza. Aliutwaa mpindo wa pembe tu, mstari mmoja, akaurudia mara nne kuzunguka duara. Ukiutazama katika daftari hutajua asili yake. Utaona shada lenye mwendo.

Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 20 na ushei, ndiyo yanayosifiwa zaidi na waongozaji. Ni mazuri, maji yake ni ya baridi ya kukata mifupa, na mteremko wa kuyafikia ni lazima uende na askari mwenye silaha kwa ajili ya tembo na nyati. Mavyaa aliketi nusu ya njia akasema ametosheka. Kwa maoni yangu hakukosa mengi. Uzuri wa Shimba uko juu, katika nyasi.

Usiku wa pili ndio mazungumzo yalipofunguka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiyabeba mambo hayo kwa muda mrefu. Swali lake lilikuwa hili: mapambo yetu yametoka wapi, na yetu wenyewe ni yapi? Alitaja umbo la korosho lililojaa katika kanga zetu. Asili yake ni ng'ambo, lakini waliolipokea hapa waliliona tunda lao wakalipa jina hilo, na leo hakuna bibi wa pwani asiyeamini kuwa ni lake. Alitaja misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ambako katika karne za 18 na 19 waandishi walinakili Qur'ani kwa mkono na kupamba kingo za kurasa kwa maua na mafundo yaliyokuwa na mtindo wao mahususi. Wale hawakuwa na simu ya kuwaonyesha Dubai. Walichukua kilichokuja kwa jahazi, wakakitia mkono wao.

Mpango wake basi ni wa sehemu mbili, na wa kwanza ni daftari lenyewe: mapambo 40 ya hina yaliyotokana na mimea ya pwani yetu, kila moja na jina la jani lake, ili mteja ajapo na picha ya simu apewe na kitu cha kulinganisha. Yote yamechorwa kwa namna ambayo hayahitaji weusi. Mistari minene huachwa usiku kucha ikaiva kahawia iliyokolea, myembamba huoshwa mapema ikabaki rangi ya chungwa, na ngozi iliyoachwa wazi hufanya kazi ambayo piko ilikuwa ikiifanya. Alinijaribia mguuni pale kambini, kwa hina aliyoikanda jioni. Ilipofika siku ya pili rangi ilikuwa imekolea kama mbao ya mvule.

Sehemu ya pili ni kanga. Mji wake ni lile shada la pembe, na pindo ni kangaga inayopanda na kushuka. Jina amekataa kunitajia. Hili lina uzito wake, kwa maana Mombasa ndiyo yenye duka la Kaderdina Hajee Essak, Mtaa wa Biashara, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla" kila nyumba inazo. Mwenye kupeleka mchoro mpya katika mji huo ajue anapeleka wapi. Isitoshe, kiwanda hakiwashi mashine kwa doti mbili. Fedha hizo hana.

Siku ya kurudi tulipitia Mwaluganje, hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ardhi ya wakulima waliokubali kuwaachia tembo njia badala ya kupigana nao kila mavuno. Huko hutengenezwa karatasi kwa kinyesi cha tembo, kwa sababu tembo hula nyuzi nyingi asizozimeng'enya, nazo huchemshwa, zikapondwa, zikatandazwa juani. Ni karatasi nzito yenye vijiti vidogo ndani yake. Wifi aliipenda mno, akataka kuandikia khati. Mavyaa akauliza kwa upole kama ataandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya mavi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kinyesi cha mnyama ni najisi, na kama kuchemshwa na kuoshwa kunazitakasa nyuzi zile ni suala la kumpelekea mwenye elimu. Karatasi tulizinunua kumi. Zitachorwa majani tu, na khati itabaki katika karatasi yake ya kawaida.

Sasa zimepita wiki sita. Vidole vyake vimefunga, ingawa kucha mbili bado zina alama. Alibandika tangazo mlangoni kwamba piko haipatikani tena hapo, na wiki ya kwanza alipoteza harusi mbili, moja ya mtoto wa jirani, jambo lililoleta ubaridi kidogo mtaani. Harusi tatu zimekubali. Wa tatu alichagua kangaga kwa mikono na shada la pembe kwa miguu, na mama yake, aliyekuwa amekuja na malalamiko kuhusu weusi, aliondoka na namba ya simu kwa ajili ya binti wa pili. Daftari lina mapambo 23. Mavyaa anauliza tunarudi lini Shimba, na safari hii anataka hema lake mwenyewe.